Kanuni Isiyojua Majina Mapya

Simu ya nesi Anyes ilimkuta Jubilate uani, akianua kakao kabla mvua haijashuka. Ulikuwa mwezi wa tano, na kijijini Ikolo mwezi wa tano mtu haulizi kama mvua itanyesha. Anauliza itanyesha saa ngapi. Aliibana simu kati ya sikio na bega, mikono ikiendelea kukusanya punje juu ya turubai.

"Jubi, mfumo wako leo umenyamaza," alisema Anyes bila hata salamu, naye si mtu wa kuruka salamu.

"Umenyamaza vipi, dada?"

"Umenyamaza pale ulipotakiwa kupiga kelele."

Anyes alikuwa muuguzi wa zahanati ya Lyulilo, moja kati ya zahanati tisa za shirika dogo la afya la mwambao wa ziwa. Zahanati zote tisa zilitumia mfumo mmoja wa kompyuta kutunza mafaili ya wagonjwa na kutoa dawa, na mtunza mfumo huo alikuwa Jubilate. Alikuwa amefanya kazi ya programu Dar es Salaam kwa miaka sita. Baba yake alipofariki alirudi nyumbani kukaa na mama yake, Angetile, na hajajuta. Mtandao Ikolo ulikuwa unatosha, na ndizi za mama yake zilikuwa zinatosha zaidi.

Anyes akamweleza. Asubuhi ile alikuja mfanyabiashara mmoja wa vitenge aitwaye Lucy, mwenye ndugu pande zote mbili za mto Songwe, na binti yake wa miaka mitatu aliyekuwa na kikohozi kibaya. Anyes alilifungua faili la mtoto, akachagua amoksilini, akabonyeza, na mfumo ukakubali. Akaikoroga dawa. Alipokuwa anaimimina kwenye kijiko, Lucy akanusa, akamshika mkono.

"Nesi, hii si ile iliyomvimbisha mwanangu macho mwaka jana?"

Anyes alirudi kwenye faili, akasoma kurasa za nyuma moja moja, na huko akakuta imeandikwa wazi: mzio wa penisilini. Mfumo ulikuwa unajua. Haukusema.

"Mtoto mzima, nimembadilishia dawa, sasa hivi anakula ndizi hapa," alisema Anyes. "Lakini Jubi, mimi nimeizoea ile rangi nyekundu ya onyo. Isipokuja, najua ni salama. Leo haikuja."

Jubilate alikaa chini, pembeni ya turubai. Matone ya kwanza yalianza kugonga bati.

"Wee Jubi! Kakao inalowa!" alipaza sauti mama yake toka jikoni.

Hakumsikia.

Haikumchukua muda kupata chanzo. Mfumo ule ulikuwa umeandikwa miaka kumi na miwili nyuma na mtu mmoja, Mzee Zabroni, ambaye sasa alikuwa amestaafu kwao Matema. Zabroni alikuwa na namna yake ya kuandika programu. Zipo shughuli zinazotakiwa kufanyika kila mahali ndani ya mfumo: kukagua mzio, kuandika nani kafanya nini, kuhakikisha anayebonyeza ana ruhusa. Yeye aliziita mambo mtambuka. Badala ya kuyarudia katika kila kipande cha programu, aliandika kila jambo mara moja tu, mahali pake, kisha akaweka kanuni fupi ya kulisambaza. Kanuni ya mzio ilisema hivi: kila kipande ambacho jina lake linaanza na "toa_dawa", kisimamishwe kwanza, mzio ukaguliwe, ndipo kiendelee.

Ilikuwa kazi safi. Shida ni kwamba baada ya Zabroni walipita waandishi wanne. Mmoja alivipa vipande vyake majina ya Kiingereza. Mwingine, kijana wa Tukuyu mwenye utani mwingi, aliandika "ukupa", yaani kutoa kwa Kinyakyusa. Na kile kipande cha dozi za watoto, kilichoongezwa mwezi wa pili, mwandishi wake alikiita "mpatie_mtoto". Kanuni ilikuwa inatafuta "toa_dawa". Ilipoliona jina geni ikaliacha lipite, na kwa kuwa hakuna kilichovunjika, hakuna aliyejua.

Jubilate aliliongeza lile jina kwenye kanuni jioni ile ile, akalituma zahanati zote tisa, kisha akampigia Anyes ajaribu. Nyekundu ikatokea. Lakini hakupata raha. Mfumo ulikuwa na vipande zaidi ya elfu mbili na mia nne, na kila wiki viliongezeka. Vingapi vilikuwa vinapita bila kukaguliwa? Kuvisoma vyote kwa macho ni kazi ya miezi, na ukivimaliza vingine vimeshazaliwa.

Wazo alilokuwa nalo lilikuwa la kuifundisha mashine. Uionyeshe vipande vinavyopaswa kulindwa na visivyopaswa, mamia kwa mamia, nayo ijifunze yenyewe vinafanana kwa lipi. Siyo kwa jina. Kwa matendo: kipande hiki kinafungua faili la mgonjwa? Kinapunguza dawa stoo? Kinaitwa na nani, na kikimaliza kinamwita nani? Ila mashine haifundishwi na asiyejua. Alihitaji mtu wa kusema hiki linda, hiki acha, na aseme kwa uhakika. Mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Kesho yake alipanda pikipiki yake, akapita Ipinda kwenye tope lililomfika kwenye pedali, akafika Matema saa nne. Mzee Zabroni alikuwa juu ya ngazi, anapaka rangi kimoja cha vyumba vitatu anavyopangisha wageni chini ya milima. Alikuwa na miaka sitini na mitatu na suruali iliyokuwa na rangi nyingi kuliko ukuta.

"Ugonile, tata," Jubilate alimwamkia kwa Kinyakyusa, kama mtu anavyomwamkia baba yake.

"Ndaga, mwanangu, asante. Karibu. Usiguse mlango, mbichi huo."

Alishuka, wakakaa barazani. Jubilate alimsimulia yote, na jinsi alivyokuwa anasimulia ndivyo uso wa mzee ulivyozidi kukunjika.

"Kwa hiyo programu yangu imekosa," alisema.

"Haijakosa, tata. Majina ndiyo yaliyobadilika."

"Mimi niliacha maelezo. Ukurasa wa kwanza kabisa: kila kinachotoa dawa kianze na 'toa_dawa'. Hawakusoma?"

"Hawakusoma."

"Sasa nani kaandika 'ukupa'?"

"Yule wa Tukuyu."

Zabroni alitaka kucheka, akajizuia. Jubilate alipomweleza habari ya kuifundisha mashine, akaweka brashi chini.

"Hapana," alisema. "Kanuni yangu inasema ndiyo au hapana. Mashine yako itasema asilimia themanini. Zile ishirini, nani ataenda kuzizika?"

Jubilate hakuwa amekuja kubishana, lakini swali lilikuwa la haki na lilitaka jibu.

"Mashine haitalinda mtu, tata. Kulinda kutabaki kwenye kanuni yako, ndiyo au hapana, vile vile. Mashine kazi yake ni kunionyesha pa kutazama. Vipande elfu mbili na mia nne, yenyewe inaniambia: hivi kumi vinafanana na vile unavyovilinda, ila havimo kwenye kanuni. Nitavisoma mimi kwa macho yangu. Wewe utavisoma. Tukikubaliana, tunaviingiza kwenye kanuni."

"Na visivyofanana na chochote?"

"Hivyo hata leo hatuvioni."

Mzee alitazama ziwa. Mitumbwi miwili ilikuwa inakuja toka upande wa Ikombe, imeshehenezwa vyungu.

"Unajua kwa nini nilikiandika kile kikaguzi mara moja tu?" aliuliza. "Mwanzoni nilikiweka kila mahali. Mahali arobaini na moja. Siku moja orodha ya dawa ikabadilika, nikarekebisha mahali arobaini. Hapo pa arobaini na moja nilipaona kwa bahati, nikitafuta kitu kingine. Siku hiyo hiyo nikavifuta vyote, nikaandika kimoja." Akaiokota brashi. "Njoo Jumatatu. Njoo na hivyo vipande."

Wakaanza. Kila asubuhi Jubilate alifika na kompyuta yake, wakakaa barazani, mzee anasoma kipande, anasema "linda" au "acha", Jubilate anaandika. Kwa siku kumi walipitia vipande mia nne na ishirini. Vingine Zabroni aliviamua kwa kupepesa jicho. Vingine vilimkumbusha mambo, na hapo kazi ilisimama: huyu mganga aliyelia mfumo ulipowashwa mara ya kwanza, hiki kipande alichokiandika zahanati haina umeme, anaandika kwa kalamu kwenye gamba la boksi la panadoli. Jubilate hakumkatiza. Aliona kwamba sababu za kanuni nyingi hazikuwa zimeandikwa popote ila kichwani mwa yule mzee, naye akazinukuu pembeni.

Mara ya kwanza kuifundisha mashine, matokeo yalikuwa mazuri mno. Katika vipande walivyoifichia ili kuipima, ilipatia karibu vyote. Jubilate alifurahi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha akaitazama orodha ya vipande vipya ilivyopendekeza vilindwe, na cha kwanza kabisa, kwa asilimia tisini na nne, kilikuwa kipande kinachochapisha ratiba ya zamu za wauguzi.

"Ratiba ya zamu ina mzio gani?" aliuliza Zabroni.

Jubilate alichimba. Ilimchukua asubuhi nzima, na alipopata alitamani kujificha. Zabroni alikuwa na tabia ya kuweka alama yake juu ya kila kipande alichoandika: "Z., Matema." Vipande vingi vya kulindwa vilikuwa vyake. Mashine haikujifunza habari za dawa wala mgonjwa, ilijifunza kwamba kila chenye "Z., Matema" ni cha kulindwa.

Alipomwambia, mzee alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza.

"Imejifunza kunipenda mimi! Ndaga fijo, asante sana! Mke wangu ilimchukua miaka."

Baada ya hapo ndipo urafiki ulipokolea. Jubilate aliondoa alama zote, majina ya waandishi, hata majina ya vipande vyenyewe, akaiachia mashine matendo matupu. Mara ya pili haikupatia kwa kiwango kile cha kwanza, lakini safari hii ilipokosea, mtu aliweza kuelewa kwa nini. Katika vipande vyote elfu mbili na mia nne ilitoa orodha ya tisa visivyomo kwenye kanuni.

Walivipitia pamoja. Viwili vilikuwa vya kuhamisha dawa toka zahanati moja kwenda nyingine. Hakuna mgonjwa hapo, wakaviacha. Sita vilikuwa vya kutoa dawa kweli kweli, na mbele yavyo hakikusimama kikaguzi chochote: viwili vya Kiingereza, kile cha "ukupa", vitatu vya chanjo na sindano. Zabroni alikuwa anajipiga kiganja gotini kwa kila kimoja, kama mtu anayehesabu samaki.

Kilibaki cha tisa. Jina lake lilikuwa "fungasha_safari".

Zabroni alikisoma. Akakisoma tena, akisogeza kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Hiki ni changu," alisema.

Kilikuwa chake, cha mwaka wa kwanza wa mfumo. Kiliandikwa kwa ajili ya wagonjwa wa vijiji vya mwambao wasiofikika kwa gari, ambao wakija zahanati kwa mtumbwi hufungashiwa dawa za wiki mbili mara moja. Wakati ule aliona kama kazi ya kufungasha, siyo ya kutoa dawa, na hakukumbuka kanuni yake mwenyewe. Miaka kumi na miwili kipande kile kilikuwa kinapita bila kukaguliwa.

Mzee aliinuka, akaenda kunawa mikono isiyokuwa na uchafu. Jubilate alifungua kumbukumbu za mfumo, akaanza kuulinganisha kila mfuko uliowahi kufungashwa na mizio iliyokuwa imeandikwa kabla ya siku hiyo. Mzee alirudi, akakaa, wakasubiri wote wawili.

Mifuko elfu moja na mia tatu na ushee. Jibu moja.

Mwanamke, miaka minane iliyopita. Mwaka mmoja kabla yake sindano ya penisilini ilimvimbisha mkono, ikaandikwa. Kisha akafungashiwa vidonge vya jamii hiyo hiyo. Wiki iliyofuata kulikuwa na mstari mmoja: vipele mwili mzima, ametibiwa, amepona.

"Amepona," alisema Jubilate.

"Amepona," alirudia Zabroni. "Liandike jina langu hapo. Andika kosa lilikuwa la nani na liliachwa tangu lini. Halafu umwambie Anyes amwite huyo mama, aelezwe. Mimi nataka niwepo."

Mfumo ulirekebishwa Jumatano. Tangu hapo, kila mwandishi akiongeza kipande kipya, mashine inakisoma kabla hakijaenda zahanati. Ikiona kinafanana na vinavyolindwa na hakimo kwenye kanuni, inakizuia mpaka mtu akitazame. Siku za Ijumaa Jubilate anampigia Zabroni, wanavisoma vilivyozuiwa, wanakubaliana au wanabishana. Kila wanapoamua, uamuzi na sababu yake vinaandikwa, na mashine inajifunza navyo. Waandishi wapya hawalazimishwi kukariri majina ya mzee. Kazi ambayo Jubilate alikuwa anaiogopa imekuwa ya nusu saa, na hiyo nusu saa anaipenda.

Jumamosi Anyes alimwita yule mama. Jina lake Neema, Mkisi wa Ikombe, mfinyanzi wa vyungu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika mtumbwi wa pili. Kwa kuwa ilikuwa siku ya soko Lyulilo, alikuja zahanati huku akitazama nyuma kila mara kuhakikisha vyungu vyake havichezewi. Akawakuta watatu wanamsubiri: nesi, Jubilate na mzee aliyevaa koti la kanisani.

"Nimekufa?" aliuliza Neema. "Mbona mmejipanga hivi?"

Anyes alimkalisha. Akamweleza polepole habari ya mzio, ni dawa zipi asipewe tena maishani, akamwandikia kwenye kadi ya kubeba. Kisha Zabroni akasogea mbele. Alikuwa ameandaa maneno tangu Jumatano. Jubilate alimsikia akiyajaribu barazani. Yote yakamtoka kichwani.

"Mama, ile miaka minane nyuma, ulipopata vipele. Mfumo wangu ulitakiwa kumzuia nesi asikupe zile dawa. Haukumzuia, kwa sababu mimi nilisahau. Nimekuja kukuomba msamaha."

Neema alimtazama. Akamtazama Anyes. Akamrudia mzee.

"Vile vipele vilikuwa vya dawa?"

"Ndiyo, mama."

"Siyo vya usipa?"

Hakuna aliyeelewa vile visamaki vya ziwani vimeingiaje hapo. Neema akasimama.

"Siku ile nilikula usipa! Nikavimba, nikajikuna kama mbwa, mama mkwe akasema ni usipa umenikataa. Miaka minane sijala usipa! Wanaanika mlangoni kwangu, naziba pua. Watoto wanakula mbele yangu. Nami kumbe..." Akamgeukia Anyes. "Nesi, niambie hapa hapa. Nile au nisile?"

Anyes alikuwa anajitahidi asicheke. Aliuliza maswali matatu manne, kama zamani kabla ya siku ile aliwahi kudhurika na samaki, akajibiwa hapana, kamwe, mimi nimezaliwa ndani ya usipa. "Anza na kidogo," alisema. "Nusu kiganja. Ukae hapa karibu yangu mpaka mchana. Ukiona vipele, unaniita."

Jubilate ndiye aliyekwenda sokoni. Alirudi na usipa wa kukaanga kwenye gazeti, wa moto, umepakwa chumvi na pilipili. Neema alichukua mmoja kwa ncha za vidole, akautia mdomoni, akafumba macho. Walikaa kwenye benchi la zahanati wote wanne, watatu wakimwangalia mtu mzima akitafuna. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ngozi yake laini kama chungu kilichosuguliwa. Mchana ulipofika Anyes akamruhusu amalize gazeti zima, naye hakumkaribisha mtu.

Zabroni bado alikuwa amekaa na koti lake, mikono magotini.

"Mama, hujanijibu," alisema.

Neema alijipangusa mdomo kwa kitenge, akakaa akimtafakari.

"Mzee, mbona wewe ndiye umekonda kwa ajili yangu? Mimi niliwashwa siku nne. Nimekusamehe tangu yule usipa wa kwanza." Akainuka, akatazama upande wa maji, mtumbwi wake ulikokuwa unasubiri. "Lakini kama una nguvu za kuja mpaka huku, vua hilo koti. Vimebaki vyungu sita vya kurudisha mtumbwini, na mimi leo nimeshiba, siwezi kuinama."

Mzee akalivua koti, akampa Jubilate alishike.